Bamba Moja, Vigutu Vitatu

Kaeni vizuri, na mwenye usingizi aende akalale sasa hivi. Nikimaliza nitauliza swali, na sitaki mtu aniambie eti alikuwa amesinzia.

Palikuwa na watu watatu katika mji wa mashamba ya mkonge. Bi Zaituna alikuwa mfinyanzi, na vidole vyake vilijua unene wa chungu bila msaada wa macho. Mhina alikuwa fundi redio. Hata redio iliyozama mtoni angeifanya itoe sauti. Semeni alisomea kompyuta chuoni akarudi nyumbani bila kazi, lakini kompyuta zilimtii kuliko mbuzi wa kwao walivyomtii.

Watu hawa hawakuwa marafiki. Kilichowakutanisha ni tela la trekta lililopinduka likiwa limejaa wakata mkonge. Mzee Mdoe, mume wa Bi Zaituna, alikatwa mguu chini ya goti. Mhina, aliyekuwa ameomba lifti tu, naye alikatwa wake. Mwajabu, mdogo wake Semeni, mtoto wa darasa la nne aliyekuwa akimpelekea mama yake chakula shambani, naye vivyo hivyo. Wengine walizikwa, na sitaki kuwataja.

Hospitali ya pale ilikuwa na karakana ya miguu bandia. Mguu wa namna hiyo si kitu bila kikombe, yaani pale kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, kinapoingia. Kikombe kikibana kinachuna ngozi. Kikilegea, mtu anaanguka. Fundi aliyekuwa akivitengeneza kwa mkono alikuwa amefariki, ikabaki mashine inayochonga kalibu, yaani mfano wa kigutu, kwa kufuata umbo lililochorwa kwenye kompyuta. Kalibu ikiwa tayari, bamba la plastiki hupashwa moto na kuvishwa juu yake. Wanafunzi wawili waliachiwa wajifunze kuchora umbo hilo kwa kipanya, wakahangaika mpaka wakakata tamaa. Kipanya hakikwambii kama umebonyeza nyama au mfupa.

Semeni ndiye aliyeanza. Alikaa na wanafunzi wale akaona kwamba macho yao yameelewa, mikono haijaelewa. Akaandika programu ya kulifanya umbo la kwenye skrini libonyee pale mkono unapobonyeza. Programu ilikuwa nzuri, ila hapakuwa na kitu cha kubonyeza.

Mhina akakitengeneza. Alikata tyubu za baiskeli, akashona mfuko wa kuenea kiganjani, akaujaza sponji na nyaya nyembamba, na ndani akatia vile vidude vinavyotetemesha simu. Wakauita donge. Ukilibonyeza, umbo linabonyea. Ukifika kwenye mfupa, donge linatetemeka.

Wakamwita Bi Zaituna kwa ajili ya vile vidole vyake. Alilishika mara moja tu akasema hiki kitu kimekufa. Udongo, aliwaambia, ukiubonyeza hapa unafura pale, unakusukuma nawe unausukuma. Basi wakabadilisha sponji, wakabadilisha programu, naye akawa analishika na kulikataa, mpaka siku moja alifumba macho akaanza kulifinyanga. Toka hapo wanafunzi walijifunza haraka ajabu. Yeye mwenyewe, ambaye hakuwahi kugusa kompyuta maishani, akawapita wote.

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini kikombe hakipimwi kwenye skrini, hupimwa kwa kuvaliwa, na bamba likishapashwa moto na kupewa umbo halirudi lilivyokuwa. Karakana ilikuwa na mabamba manne. Kigutu cha kujaribia kilikuwa cha Mhina, kwa kuwa ndiye aliyeshinda pale kutwa.

Kikombe cha kwanza kililegea, Mhina akaanguka kizingitini. Cha pili kikalegea pia. Mfinyanzi yeyote hufinyanga chungu kikubwa kidogo kuliko anavyokitaka, maana udongo hunywea ukikauka, na hunywea tena ukichomwa. Mikono ya Bi Zaituna ilifanya hivyo bila yeye kujua. Cha tatu kilibana, kwa sababu Mhina, kwa hasira, alikuwa amepunguza mtetemo wa donge pasipo kumwambia mtu, Bi Zaituna akabonyeza kupita kiasi. Kigutu chake kilichunika kikatoka damu, akalia mbele ya wanafunzi.

Sasa walijua kosa liko wapi, na bamba lilikuwa limebaki moja. Daktari aliwaeleza kwamba mengine hayajulikani yatakuja lini, pengine mwakani, pengine yasije. Akasema wao ndio waliolitengeneza donge, basi waamue wenyewe mguu ni wa nani.

Mhina alisema kwanza. Hospitali nyingine zilikuwa zikimwita akazitengenezee madonge, na kwa magongo hafiki. "Na vikombe vyote vibovu nimevivaa mimi," alisema. "Ngozi iliyochunika ni yangu."

Semeni alieleza kwamba nyonga ya Mwajabu imeanza kukua upande, na ikikomaa hivyo hainyooki tena. Alikiri kwamba kikombe kitamkaa mwaka mmoja tu, maana mtoto anakua. Kisha akainamisha kichwa. "Shida ni kwamba kile cha kwanza niliona vipimo vimezidi. Nikaona haya kumsahihisha mtu mzima. Mnisamehe, lakini mtoto hakukosea."

Zamu ikawa ya Bi Zaituna. Alikuwa akimfikiria Mzee Mdoe, aliyelala amegeukia ukuta, vidonda vimemtoka mgongoni, na chakula hataki. Daktari alishamwambia Bi Zaituna kwamba mzee asipoinuka hatamaliza masika. Alijua pia kwamba mabamba mawili yaliharibika chini ya vidole vyake. Aliona aibu, na aliogopa.

Bamba la mwisho hakuna aliyethubutu kumwachia mwanafunzi. Ilikuwa lazima mkono wa Bi Zaituna. Akalichukua donge, likamjaa kiganjani. Mhina alitazama sakafu. Semeni alikaa mbele ya skrini, vigutu vitatu vimejipanga pale, akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, nifungue cha nani?"

Mimi nakomea hapo. Asiniambie mtu kwamba wapige kura au wasubiri mwakani. Mzee hana mwakani, na nyonga ya mtoto haisubiri. Donge liko mkononi mwako sasa, na Semeni anangoja jibu. Utamwambia afungue cha nani, na wale wawili utawatazamaje?