Bi Pimbi na Mafundi wa Ng'ambo ya Mto

Hapo zamani za kale, wanyama wana simu na sisi binadamu hata nguo hatuna, Bi Pimbi alikuwa akiuza asali. Acheni kusukumana huko nyuma, mtasikia wote!

Asali yenyewe ilitoka kwenye mizinga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Wateja waliagiza kwa programu ya simu aliyotengenezewa na Kicheche. Kwa macho, nzuri. Kwa kazi, ovyo kabisa! Asali ya harusi ya binti wa Mzee Nungunungu ilipelekwa kwenye kichuguu cha siafu. Na Kicheche? Alishahama bila kuaga.

Wateja wakaanza kumkimbia.

"Wakiisha wote, mizinga ya mama imekufa," alisema Bi Pimbi. "Na haifi mikononi mwangu, ng'o!"

Akatangaza kazi ya kutengeneza programu mpya. Wakaja mafundi watatu kutoka ng'ambo ya mto, ambako habari za siafu zilikuwa hazijafika: Fisi na suti yake, Kiboko na tumbo lake, na Karunguyeye na begi kuukuu. Kiboko akakaa, kiti kraa!

Bi Pimbi akawaonyesha simu. "Jamani, programu hii imenikosha! Aliyeitengeneza ndiye ninayemtaka."

Fisi hakuitazama mara mbili. "Hiyo ni yangu! Wiki mbili sikupata usingizi, dada yangu."

"Muongo mkubwa!" Kiboko akanguruma. "Hiyo ni kazi ya mikono yangu!"

"Yangu!"

"Yangu mimi!"

Puu! Meza chini. Karunguyeye akaiokota simu, akaibonyeza taratibu.

"Mama, hii mimi sikuitengeneza," alisema. "Tena ni mbovu. Nikiandika nyumba ya jirani, yenyewe inaandika kichuguu. Kabla sijakuahidi kitu, niambie kwanza: wateja wako wote wanajua kusoma?"

Bi Pimbi alisikia raha moyoni, lakini hakuionyesha. "Subiri kidogo, mwanangu."

Akapiga kofi, pa! Mlango wa ghala ukafunguka, wakatoka wateja aliokuwa amewaficha humo. Mbele yao Mzee Nungunungu, miiba imesimama wima.

"Mzee," alisema Bi Pimbi, "uliapa kumtia adabu aliyetengeneza ile programu. Leo nina wawili, na wanaigombania."

"Kumbe ninyi!" Mzee Nungunungu akafoka. "Wakwe zangu wamekula mandazi makavu kwa ajili yenu!"

"Si mimi, mzee wangu! Ni Kiboko!"

"Mimi tena? Umesema mwenyewe hukulala wiki mbili!"

"Nililala! Wallahi nililala!"

Hakuna aliyemngoja amalize. Kiboko akajitupa mtoni, chubwi! Fisi akatimua mbio na miiba mitatu matakoni, suti imechanika, kicheko chote kimekwisha.

Bi Pimbi akainua meza, akaipangusa. "Haya, Karunguyeye, kaa. Wateja ni hawa, waulize wenyewe."

Akawauliza mmoja mmoja hadi jua likachwa, ndipo akaanza kazi. Msimu ule asali ilifika kwa wenyewe, na mizinga ya mama ikaendelea kuvuma, vuuu! Siafu walingoja mlangoni kwao hata wakachoka.

Basi, wajukuu zangu, adandiaye sifa za kazi, na abebe lawama zake.