Fisi Aliyekuwa Nyuma ya Kila Mtu

Sogeeni karibu, na wa nyuma mnisikie. Kisa hiki kina foleni ndani yake, kwa hiyo naomba tusisukumane.

Mwaka ule mvua ilikata mguu. Bwawa la Chini lilipungua hata vyura wakawa wanatembea badala ya kuogelea. Maji yalibaki Bwawa la Juu, na njia ya kwenda huko ilikuwa moja tu: chumba cha mawe chenye malango mawili, na mlinzi wake alikuwa Kiboko. Mtumbwi uliingia kwa lango la chini, lango likafungwa, kisha Kiboko akaachia maji ya juu yaingie taratibu. Maji yakipanda, mtumbwi nao unapanda, mpaka unalingana na bwawa la juu na lango la pili linafunguliwa. Chumba kilibeba mitumbwi minne, wala si mitano.

Siku moja kabla ya sikukuu, kila mnyama alitaka kupanda. Foleni ilifika hadi kwenye matete. Mbele kabisa alikuwa Simba, aliyejitangaza wa kwanza hata kabla hajafika. Nyuma yake Ngiri, kisha Sungura, kisha Bi Kanga, kisha Mzee Kobe, halafu mitumbwi mingine kumi na miwili.

Bi Kanga hakuwa na habari na sikukuu. Mtumbwini mwake mlikuwa na mayai tisa juu ya manyasi, na tangu alfajiri yalikuwa yakigongwa kwa ndani.

"Wataanza kutoka leo leo," alimwambia Sungura. "Hapa chini hamna hata tone safi la kuwanywesha. Nisipopanda leo, nitawazika."

"Wewe ni wa nne, Bi Kanga, na chumba ni cha wanne. Tulia."

Kiboko naye alikuwa ametangaza kwa sauti yake nzito. "Leo nafungua mara moja tu, jua likigusa kile kilima. Maji ya juu nayo yamepungua. Baada ya hapo nafunga siku tatu, kwa sababu hata mimi nina jamaa zangu wa kula nao sikukuu."

Sasa, pale langoni palikuwa na desturi. Ukifika unamtafuta wa mwisho, unamwambia, "Niko nyuma yako." Akiitikia, nafasi ni yako, hata ukienda zako kutafuta chakula. Hapakuwa na alama wala karatasi. Neno lilitosha.

Fisi alichelewa kufika, maana alipitia kila jiko lililonukia njiani. Alipoiona foleni, alijua wa mkiani hatapanda leo. Alikuwa amesikia kwamba Bwawa la Juu kutakuwa na samaki wa kuchoma, na tangu asikie hakuwa amelala vizuri. Akaangaza macho, akaona Ngiri ameondoka kwenda kuchimba mizizi. Akamwendea Simba.

"Shikamoo, Mtukufu. Niko nyuma yako."

Simba alikuwa akijitazama uso kwenye maji. Hakugeuka. "Marahaba. Sawa."

Mwingine angeridhika. Lakini Fisi aliwaza: je, Simba akinisahau? Je, lango likifunguliwa nami niko huku mkiani, natafuna? Akaona bora azishike nafasi zote. Ngiri aliporudi, Fisi akaifuata foleni mtumbwi kwa mtumbwi, akingoja jirani asinzie au aondoke, kisha anainama na kunong'ona. "Bwana Ngiri, niko nyuma yako." "Ndugu Sungura, niko nyuma yako." Bi Kanga alikuwa ametega sikio kwenye mayai, akamjibu tu, "Haya." Fisi akaendelea hivyo mpaka kwa Nungunungu, aliyekuwa wa mwisho kwelikweli. Wote waliitikia, na wengine wakampa kipande cha muhogo kwa heri ya sikukuu.

Jua lilipogusa kilima, lango likalia na kufunguka. Fisi akaja mbio akipiga kasia, akajipenyeza kati ya Simba na Ngiri.

"We, toka hapo," Ngiri akasema.

"Muulize Mtukufu kama sikumwambia."

Kiboko akamgeukia Simba. Simba akakunja uso. "Aliniambia, nami nikaitikia." Simba hajawahi kurudisha neno lake nyuma, hata lile alilolisema bila kufikiri.

"Basi neno ni neno," Kiboko akaamua. "Simba, Fisi, Ngiri, Sungura. Bi Kanga, utanisamehe, utangoja siku tatu."

Bi Kanga hakupiga kelele. Aliyafunika mayai kwa bawa. "Kaka Kiboko, hawa hawajui siku tatu ni nini."

Sungura aliumia moyo kumsikia. Na tuseme kweli, kilimuuma na kingine: hila ile ilikuwa nzuri, na hakuibuni yeye.

"Kiboko, umeamua vizuri," akasema. "Nami ni shahidi wa Fisi. Hata mimi aliniambia yuko nyuma yangu."

"Mnaona?" Fisi akachekelea.

"Ngiri, wewe je?"

"Hata mimi," Ngiri akanung'unika.

"Bi Kanga?"

"Hata mimi."

Mzee Kobe alinyoosha shingo, akafikiri, na wote wakamngoja. "Hata mimi. Nilimpa na muhogo."

Na kutoka mbali, kwenye matete, Nungunungu akaitikia, "Hata mimi!"

"Bwana Fisi," Sungura akauliza kwa upole, "hawa wote wanasema kweli?"

Fisi aliona mashahidi wanaongezeka, akadhani kesi yake inanona. "Kweli tupu. Nilimwambia kila mmoja kwa mdomo wangu."

"Basi, Kiboko, neno ni neno. Yuko nyuma ya Simba. Yuko nyuma ya Ngiri, yangu, ya Bi Kanga, ya Mzee Kobe, mpaka ya Nungunungu. Aliye nyuma ya kila mtu anakaa wapi?"

Kiboko alijikuna sikio. "Mkiani."

"Lakini mimi niko nyuma ya Simba," Fisi akalia.

"Uko nyuma yangu," Simba akasema. "Nyuma sana."

Mitumbwi minne ikaingia, maji yakaanza kupanda. Walipofika katikati yai moja likapasuka, na kifaranga akauona ulimwengu akiwa baina ya mabwawa mawili. Jambo la kwanza alilofanya ni kunywa maji. Bi Kanga alilia kwa furaha, na Sungura akajifanya anatazama kwingine.

Kule chini, Fisi aliegesha mtumbwi wake nyuma ya Nungunungu. Hajakaa sawa, akafika Punda Milia.

"Nani wa mwisho hapa?"

"Mimi," Fisi akajibu kwa uchungu.

"Basi niko nyuma yako."

"La, mwanangu," Mzee Kobe akaita kutoka mbele. "Pita. Huyo ameshasema yuko nyuma ya kila mtu, na hapa tunaheshimu neno."

Punda Milia akapita. Baada yake akapita Nyani na shemeji zake, kisha Pofu, kisha kila aliyekuja. Baada ya siku tatu Kiboko alipofungua tena, Fisi alikuwa mbali na lango kuliko siku aliyofika.

Tangu hapo Fisi akikuta foleni popote, haulizi nani wa mwisho. Anajua.