Khabiri Aliyeshindwa Kuleta Takbira

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba hapo zamani katika nchi ya Fazani, lile jangwa lililo magharibi ya Misri, palikuwa na mja mwema aitwaye Yedder bin Makhluf. Kazi yake ilikuwa ukhabiri. Huko khabiri ni mtu anayeongoza misafara jangwani, na pasipo yeye hakuna mwenye akili timamu aingiaye mchangani. Fazani haikuwa nchi ya kutembelewa. Haikuwa na mto wala mvua ya kutajika, na kutoka kisima hadi kisima mtu alikwenda hata akasahau ladha ya maji. Wenye njia nyingine walipita njia hiyo nyingine. Waliokwenda Fazani ni wale ambao Fazani ilikuwa kwao.

Mwaka huo Yedder alikabidhiwa kundi la mahujaji waliokuwa wakirejea makwao kutoka Makka. Walikuwa watu waliochoka, ule uchovu wa mtu aliyekwisha kupata alichokiendea na sasa anataka kitanda chake tu. Miongoni mwao alikuwamo bibi mmoja mtu mzima, Hajjati Mabruka, pamoja na mumewe, Mzee Ghaylan, aliyeshikwa na homa njiani na sasa akisafiri amefungwa juu ya ngamia asije akaanguka. Dua ya bibi huyu ilikuwa moja: amfikishe mzee wake nyumbani angali hai. Yedder mwenyewe naye alikuwa hoi. Kazi hiyo alikuwa ameianza akiwa kijana, na sasa magoti yake yalimlalamikia kila asubuhi.

Watu wa jangwa wana adabu zao. Ngamia hufungwa kwa kamba mmoja nyuma ya mwenziwe, na hakuna atokaye kwenye mstari. Na khabiri haulizwi njia. Akishatangulia mbele, kumwuliza "tuko wapi?" ni kumvunjia heshima, tena huhesabiwa kuwa ni mkosi. Sisi kwetu twasema kuuliza si ujinga. Kule kuuliza ni utovu wa adabu. Ni adabu nzuri, mpaka siku khabiri atakapopotea.

Siku hiyo ikawadia. Upepo wa kusini ulivuma ukapandisha vumbi, vumbi likaziba jua, na usiku likaziba nyota. Yedder aliijua njia kwa kutazama mbingu, na mbingu haikuonekana tena. Akaenda kwa kukisia, na kukisia kwa mtu aliyechoka kuna hatari yake. Jioni ya pili akaona mbele yake majivu na samadi ya ngamia. Akainama kutazama, akaona na kipande cha kamba kilichokatika, alichokitupa kwa mkono wake. Ilikuwa kambi yao wenyewe ya jana. Walikuwa wamezunguka.

Basi unadhani alifanya nini mja huyu, naye ni mtu wa sala na saumu? Aliyafukia yale majivu kwa mguu kabla walio nyuma hawajafika.

Tusiwe wepesi wa kumlaumu. Alijiambia kwamba watu wakijua wamepotea watavunjika moyo, watatawanyika, na watakufa mmoja mmoja. Hilo lilikuwa kweli. Lakini lilikuwapo na jingine, nalo aliliona aibu hata kulisema ndani ya nafsi yake: kuanzia pwani hadi Fazani jina lake lilitajwa kwa heshima, na hakutaka kulipoteza uzeeni. Watu hawakumwuliza kitu, ila walimtazama, na viriba vya maji vilikuwa vimeanza kunywea. Akawaambia, "Kisima kipo mbele, inshallah." Inshallah hiyo, ndugu zangu, haikuwa ya kumtegemea Mola. Ilikuwa ya kujifichia. Nasi tunayo tele majumbani mwetu.

Siku ya pili yake waliamka na maji ya kulowesha midomo tu. Walikwenda kutwa nzima. Mzee Ghaylan alikuwa haongei tena. Ilipokisiwa kuwa wakati wa alasiri umeingia, msafara ukasimama, watu wakatayamamu kwa mchanga, wakajipanga safu, wanawake nyuma. Wakamngojea Yedder, maana khabiri ndiye imamu wao, na upande atakaouelekea ndio kibla.

Akasimama mbele, akanyanyua mikono kuleta takbira. Takbira haikutoka. Wanadamu alikwisha kuwadanganya, na ulimi haukuwa mzito. Lakini sasa alitakiwa asimame mbele ya Mola wake aelekee upande, kana kwamba asema, "Nyumba Yako iko hapa," naye hajui iko wapi. Mikono ikabaki hewani. Kisha akaishusha, akageuka kuwatazama watu.

"Jamaa zangu," akasema, "sikijui kibla. Wala njia siijui. Tumepotea tangu juzi, na jana tulirudi pale pale tulipolala, nami nikawaficha."

Mtu asingeweza kuwalaumu kwa yaliyofuata. Wengine waliketi chini wakalia bila machozi. Mmoja wao, Abu Zayyan, muuza ngozi mwenye nguvu zake, alimkamata Yedder ukosi wa kanzu akamtikisa, na Yedder hakujitetea. Ndipo Hajjati Mabruka akainuka kutoka safu ya nyuma, akamwomba Abu Zayyan amwachie, akasema naye ana la kukiri.

"Ngamia wangu ni jike mzee," akasema. "Tangu asubuhi anageuza pua upande wa kushoto, naye huwa hageuzi bure. Nimemchapa hata mkono umeniuma, arudi mstarini. Nilitaka kukwambia, Khabiri, nikaona haya. Nilisema, mwenye njia ni wewe."

Yedder akainama. Katika miaka yote ya kazi yake alikuwa akijua kwamba ngamia mwenye kiu hunusa maji, na kamba ile aliyoifunga mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikimrudisha. Wakasali, kila mtu akielekea upande alioudhani kuwa ndio kibla, na dini imeturuhusu hivyo tusipojua. Kisha wakamfungua yule ngamia jike wakamfuata. Yedder, kwa mara ya kwanza tangu ujana, akatembea nyuma.

Kabla giza halijaingia ngamia alisimama penye bonde dogo, akapiga mchanga kwa mguu. Kilikuwa kisima kilichofukiwa na upepo. Walifukua kwa mikono na kwa sahani, Yedder mbele ya wote, kucha zikimtoka damu, mpaka mchanga ukawa na unyevu, kisha tope, kisha maji ya chumvi kidogo, ambayo hakuna aliyewahi kunywa matamu zaidi. Yedder akajaza bakuli la kwanza akampelekea Mzee Ghaylan.

Mzee alikuwa ameshakwenda zake. Alikata roho njiani, juu ya ngamia, na kwa vile alikuwa amefungwa vizuri hakuna aliyejua.

Walimsitiri asubuhi yake, vumbi likiwa limeanza kutua na jua likichungulia, wakamlaza kuelekea kibla cha kweli. Yedder akaja akasimama mbele ya mjane, uso chini.

"Mama, laiti ningalisema juzi," akasema.

Hajjati Mabruka aliinua uso akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na sauti ilikuwa imechoka kabisa.

"Ungalisema juzi, huenda angalikunywa," akamjibu. "Usingalisema jana, tungalilala naye hapa sote. Ya juzi yaniuma, mwanangu, na yataniuma. Lakini nimekusamehe ya juzi kwa ajili ya jana. Haya, tuongoze."

Akawaongoza mpaka kwao, na kila alipotia shaka alisimama akawaambia. Yasemwa kwamba tangu hapo, kabla ya safari yoyote, alikuwa akiwatangazia wasafiri: nikipotea nitawaambia, na ngamia wenu akigeuza kichwa niambieni. Wengi walimkimbia wakatafuta khabiri asiyepotea. Baadhi yao hawakurudi kusimulia.

Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Katika kisa hiki aliyeficha ni mmoja, na aliyekufa ni mwingine. Basi aliyetangulia mbele ya watu, awe baba wa nyumba, mwalimu au imamu, na azidi kuliogopa hilo. Na asiyetangulia naye asijione amesalimika, kwa sababu Hajjati Mabruka, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipomtaja mumewe alikuwa akiutazama mkono wake wa kulia, ule aliomchapia ngamia.