Kupepesa Si Kuwaka

Kupepesa si kuwaka. Mmemsikia shangazi yenu akimjibu hivyo yule mposaji anayetuma salamu kila wiki bila kutuma wazee, nanyi mkacheka hata kabla ya kujua mnachekea nini. Msidhani ni maneno ya wahenga wa kale. Aliyeyasikia mara ya kwanza bado yu hai, na bado anapita barabara yetu na pikapu yake. Ilikuwa hivi.

Daktari wa mifugo wa kata yetu, Tusekile Mwaisaka, ni mwanamke ambaye hajawahi kusubiri chai ipoe. Mwaka ule alikuwa amepata pikapu ya kisasa. Ile ya zamani ilikuwa na mti wa gia wa kuvuta kwa mkono. Hii ilikuwa na kitufe tu. Ukikizungusha, taa ya kijani inapepesa kidogo kwenye dashibodi, kisha inatulia, na magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta pamoja na ya nyuma.

Asubuhi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa haijakatika kwa siku tatu, Mzee Ambakisye alimkuta akifungua ofisi. Alikuwa amekuja mbio kutoka ng'ambo ya kilima cha Lwifwa, suruali imelowa hadi mapajani.

"Daktari, mtamba wangu anazaa tangu alfajiri. Mguu mmoja umetoka, mwingine hauonekani."

Tusekile alimfahamu mtamba yule. Marehemu mke wa Ambakisye ndiye aliyemlea kwa chupa baada ya ng'ombe aliyemzaa kufa, na tangu mazishi mzee hakuwa na mtu wa kuongea naye jioni ila ng'ombe huyo. Alichukua mkoba na kamba za kuvutia ndama, wakaondoka.

Kijitoni maji yalikuwa yamejaa. Akapita kwa kasi, na kitu kikagonga chini ya gari, ko! Hakusimama. Mguu wa ndama ukiwa umekunjwa ndani, kila dakika ina maana yake. Mawazo yake yote yalikuwa zizini.

Chini ya kilima akazungusha kitufe. Taa ikaanza kupepesa. Akangoja. Ikaendelea kupepesa. Akarudisha kitufe, akakizungusha tena kwa nguvu kana kwamba nguvu za mkono zingesaidia. Ikapepesa vile vile.

"Si inawaka hiyo?" Ambakisye akauliza, ameshikilia mlango. "Twende, Mama, twende."

Tusekile alijua kwamba taa ile haikuwa sawa. Lakini alitaka sana iwe sawa. Akakanyaga mafuta.

Walipanda hatua kama thelathini. Kisha magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka pale pale, matope yakaruka hadi kioo cha nyuma, na pikapu ikateleza kinyumenyume huku Tusekile akipigana na usukani. Iliegemea ukingo wa barabara, tairi moja mtaroni. Upande wa pili palikuwa na korongo.

Kisha Ambakisye akafungua mlango. "Nitakwenda kwa miguu nimvute mwenyewe."

"Ukimvuta vibaya utampasua, Mzee. Nipe dakika chache."

Tusekile akampigia fundi Anangisye wa mjini. Alieleza yote kwa pumzi moja: mtamba, kitu kilichogonga chini kijitoni, kilima, taa, mtaro. Fundi alimwacha amalize.

"Hiyo taa, Daktari, inawaka au inapepesa?"

"Inapepesa, lakini fundi, nina haraka, niambie tu nikanyage vipi..."

"Kupepesa si kuwaka. Gari linakwambia limejaribu, halijaweza. Chuma cha mbele hakijashikana. Ukikanyaga hata hadi kesho, unavuta kwa magurudumu mawili. Ulipogonga kitu, umetazama chini?"

Hakuwa ametazama. Sasa akazima gari, akakagua fyuzi kama alivyoelekezwa, akaikuta nzima. Akatandika koti la mvua, akaingia uvunguni. Kwenye ekseli ya mbele waya mmoja ulikuwa unaning'inia. Soketi yake ilikuwa imechomoka, imejaa matope. Akaikausha kwa pamba na spiriti za mkobani, akaibana mahali pake hadi ikalia tak, akaufunga waya kwa bendeji usicheze.

Akawasha gari. Fundi alikuwa amemwonya asikanyage mafuta kwanza: azungushe kitufe, anyooshe usukani, asogeze gari mbele kidogo na nyuma kidogo. Taa ikapepesa mara moja, mbili, tatu. Ambakisye akafungua mdomo.

"Bado," Tusekile akasema.

Ikatulia. Kijani kimoja, kimya. Pikapu ikatoka mtaroni polepole, ikapanda kilima.

Mtamba walimkuta amelala, amechoka hata kulia. Tusekile alivua koti, akaingiza mkono hadi begani, akamsukuma ndama nyuma, akautafuta mguu, akaukunjua. Wakavuta kila mtamba aliposukuma, wakapumzika alipopumzika. Ndama akaanguka kwenye majani, mlegevu kama nguo iliyofuliwa. Hakupumua.

Walimsafisha pua, wakamsugua kwa magunia. Muda ukapita. Ghafla Ambakisye akaacha kusugua, akapiga kelele, machozi yakimtoka:

"Amepepesa jicho! Mama, yu hai!"

Tusekile aliutazama ubavu wa ndama. Ulikuwa haujanyanyuka.

"Kupepesa si kuwaka, Mzee! Sugua!"

Mzee akarudi magotini. Akasugua kama mtu anayegombana na kifo, akimtaja marehemu mkewe kwa jina, na Tusekile akimchokoa ndama puani kwa unyasi. Kisha ndama akapiga chafya. Ubavu ukapanda, ukashuka, ukapanda tena, haukuacha tena.

"Sasa amewaka," Tusekile akasema, akakaa chini kwenye matope.

Ambakisye ndiye aliyeyatembeza maneno yale, kilabuni, kanisani, mnadani. Mkandarasi alipoleta bango la barabara bila kuleta greda, mzee alisimama mkutanoni akayasema, na watu wote wakaelewa. Mtu akiwaonyesha dalili, msikanyage mafuta. Lakini pia msikate tamaa mkaondoka. Shukeni mtazame kilicholegea, mkikaze, mngoje ushahidi. Shangazi yenu hajamkataa yule kijana. Amemwambia tu amefikia wapi: kupepesa si kuwaka.