Gobore la Nyumba Nne

Hapo zamani, lakini si zamani ile ya mbali sana, maana gobore lilikuwa limeshafika, palikuwa na kijiji kiitwacho Kwembago, kando ya msitu. Kijiji kilikuwa na gobore moja tu, nalo lilikaa katika nyumba nne.

Msicheke, naeleza. Mtutu wake na mdeki, ile fimbo ya chuma ya kushindilia, vilikaa kwa Semkiwa, mpiga bunduki. Baruti ilikaa kwa Bi Siwazuri, mjane. Marisau, zile risasi za mviringo, yalikaa kwa Kibwana. Makumbi ya nazi ya kuzibia yalikaa kwa Mwatumu, binti aliyerithi kazi hiyo kwa mama yake. Iliamuliwa hivyo tangu mtu mmoja alipompiga ndugu yake kwa gobore hilohilo, wakigombea mpaka wa shamba. Watu wa Kwembago wakasema, kuanzia leo hakuna nyumba itakayokuwa na bunduki nzima. Anayetaka kuua, sharti awaite watatu wengine wamwone.

Basi wakawa wanaonana. Bi Siwazuri alitazama mikono ya Kibwana. Kibwana alitazama mikono ya Bi Siwazuri. Mwatumu aliwatazama wote wawili, na Semkiwa alimtazama kila mtu.

Utaratibu wa kushindilia ulikuwa huu, nao haukubadilika. Kwanza baruti, ikipimwa kwa pembe moja ya mnyama paa iliyojaa hadi mdomoni. Kisha kumbi la kwanza. Kisha marisau thelathini, yakihesabiwa kwa sauti. Kisha kumbi la pili. Mwisho mdeki uliteremshwa mtutuni, na mdeki ule ulikuwa na pengo lililokatwa kwa tupa. Pengo likilingana na mdomo wa mtutu, bunduki imeshiba sawasawa. Likibaki juu, kuna kilichozidi ndani. Likizama, kuna kilichopungua.

Palikuwa na sheria moja zaidi. Mpiga bunduki akiumia kwa sababu ya ushindiliaji mbaya, aliyeharibu atapanda dungu, kile kilingo cha mlinzi, katika shamba la aliyeumia na kulilinda mpaka mavuno. Sheria ndogo kuisikia, lakini fikirini. Anayelinda shamba la mwenzake halindi la kwake. Na shamba lisilolindwa, Kwembago, nguruwe hulimaliza kwa siku mbili. Aliyeharibu alikuwa anahukumiwa njaa.

Mwaka huo alitokea nguruwe dume, sikio la kushoto limechanika. Alikula muhogo wa Bi Siwazuri. Alikula karanga za Kibwana. Alifukua viazi vya Mwatumu. Hakuna aliyemtaka kwa nyama, watu wa pale hawamli. Walimtaka afe tu. Asubuhi moja baada ya mvua, Chiku, mke wa Semkiwa, akamkuta amelala topeni, kwenye mtaro wa shamba lao la mahindi. Mahindi yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa ndevu.

Wanne wakaitana. Wakakutana nyuma ya kichuguu, kimyakimya.

Bi Siwazuri akamimina pembe yake. Pembe ilikuwa imejaa hadi mdomoni, kila mtu aliona.

Kibwana akahesabu marisau yake. Yalikuwa thelathini, kila mtu alisikia, ingawa siku hiyo alihesabu upesi na kiganja amekikunja.

Mdeki ukateremshwa. Pengo likabaki juu ya mdomo, upana wa ukucha.

"Kumbi langu nene," akasema Mwatumu. Akalivuta kwa waya, akachomoa nyuzi, akalirudisha. Pengo likalingana.

Semkiwa akachukua gobore, akaenda. Bunduki ikalia. Nguruwe akatikisika, akainuka, akamjia. Wakasikia mfupa ukivunjika kabla hawajasikia Semkiwa akipiga kelele. Nguruwe akarudi msituni kwa miguu yake mwenyewe.

Jioni watu walijaa uani kwa Semkiwa. Mguu wake ulikuwa umefungwa magango mawili ya mwanzi, na uso wake una rangi ya majivu. Akasema, "Nileteeni pembe."

Pembe ikaletwa. Akaigonga kwenye ukingo wa kitanda, mara moja, mara mbili. Mara ya tatu likadondoka donge la nta, kubwa kama kifundo cha kidole gumba.

"Nta!" watu wakasema. "Pembe ilijaa nta chini!"

"Ndiyo, nta ni yangu," akasema Bi Siwazuri, wala hakuinamisha kichwa. "Mara mbili zilizopita Semkiwa alirudi bega limevimba. Bunduki ikimpiga teke mwenyewe hivyo, kuna mtu anaizidishia risasi. Na mwenye risasi ni nani? Nikasema nipunguze mimi, isije ikampasukia usoni. Lileteni na gobore lenyewe mlitazame."

Wakalitazama. Karibu na tundu la fataki, pale moto unapoingilia, palikuwa na ufa, mwembamba kama unywele.

"Mnauona? Ningejaza pembe, leo mngekuwa mnachimba kaburi. Nimevunja mguu, nimeokoa kichwa. Nani atanipandisha dungu kwa hilo?"

"Ufa huo ni wa lini, shemeji?" akauliza Kibwana. "Wa jana, au wa leo? Wewe ulijua upo?"

Bi Siwazuri akapitisha kidole juu ya ufa.

"Hukujua. Umeuona sasa hivi kama sisi, umeudandia."

Hapo Chiku akafungua pindo la khanga yake. Alikuwa ameokota vitu kwenye tope, pale nguruwe alipokuwa amelala. Yalikuwa marisau, mengine madogo kama punje za mtama, mengine makubwa kama njugu mawe.

"Kaka Kibwana," akasema Chiku, "mtama na njugu mawe umevuna shamba moja?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka.

"Niliweka kumi makubwa," akasema Kibwana. "Thelathini nilihesabu na thelathini yalikuwa. Sheria haikutaja ukubwa. Kwa nini niliweka? Kwa sababu baruti ya huyu mama imekuwa dhaifu tangu masika, nikamshuku kwamba anaiba. Na leo mmeiona nta, sikukosea! Baruti ikiwa haba, risasi ndogo hazitoboi ngozi ya nguruwe. Nilisaidia."

"Ulisaidia kwa siri," akasema Bi Siwazuri.

"Kama wewe ulivyookoa kwa siri."

"Ningejua umeweka makubwa..."

"Ningejua umeweka nta..."

"Lakini pengo lililingana," akasema Semkiwa kutoka kitandani. "Mimi nilitazama pengo."

Wote wakageuka kumtazama Mwatumu.

Mwatumu alikuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, anasokota uzi wa kumbi kidoleni, anausokotoa, anausokota tena. "Sikuongeza kitu," akasema. "Sikuficha kitu. Baruti ilikuwa mali yao, na risasi mali yao."

"Uliona?" akauliza Chiku.

"Niliona baruti inaisha kabla ya wakati wake. Huwa namaliza kuvuta pumzi mara tatu pembe ikimiminwa. Leo zilikuwa mbili. Na makubwa niliyasikia yakishuka, yana mlio wake."

"Ukanyamaza!"

"Mwaka jana hawa wawili walisema mbele ya watu kwamba siko makini, kazi ya mama yangu ipewe nyumba nyingine. Leo nawaona wote wawili wanafanya kinyume, tena mchana kweupe. Ningefikiri nini? Nilifikiri wamepatana wanitege. Niseme, wakanushe, nionekane mzushi. Pengo lilipobaki juu, nikajua wataniambia ni kumbi. Nikalipunguza. Utaratibu unasema pengo lilingane, nami nililinganisha."

"Kumbi jembamba linavujisha nguvu," akasema Kibwana.

"Na nta je? Inaongeza?"

Bi Siwazuri akamnyooshea Semkiwa kidole. "Na mgonjwa wetu naye aulizwe. Nimekwenda kuhesabu nyayo zake topeni. Mpiga bunduki hupiga akiwa hatua kumi na tano. Zake ni thelathini na moja, kutoka aliposimama hadi alipolala nguruwe. Kwa umbali huo hata bunduki nzima ingemkwaruza tu!"

Semkiwa akafumba macho. "Siku zote tukishindilia, Kibwana hunitania. Huniambia nikimkosa nguruwe nitamwoa. Leo hakuna aliyenitania. Watu watatu mkanishindilia bunduki bila neno la utani. Nikaiogopa. Nikasimama mbali."

"Ungeimwaga, tukashindilia upya!" akasema Bi Siwazuri.

"Mbele yenu? Niwaambie nawashuku kwa sababu hamkunitania?"

Mmoja uani akapendekeza walinde kwa zamu. Akazomewa. Zamu walishajaribu miaka miwili nyuma; kila mmoja alidhani mwenzake yuko dunguni, na shamba likaliwa mpaka mashina.

"Mimi sitaki zamu," akasema Chiku. "Nina mume asiyesimama na mahindi ya kulinda wiki sita. Nataka jina moja. Na kama ni la mume wangu, lisemeni pia, nijue kwamba nitapanda mimi."

Basi, Bi Siwazuri alipunguza ili kumwokoa mtu, na mtu akavunjika. Kibwana alizidisha ili kuziba upungufu alioukisia kabla hajauona. Mwatumu alijua yote mawili na akalinganisha pengo. Semkiwa alihisi, akafyatua hivyo hivyo.

Naona huko nyuma kuna aliyenyoosha kidole kabla sijamaliza. Ngoja kidogo, ndugu. Nasi tutataka kujua kwa nini una haraka.

Kesho yake asubuhi nguruwe wa sikio lililochanika alionekana kisimani, anachechemea kidogo, anakunywa maji. Chiku aliegemeza ngazi kwenye dungu la shamba lake, akasimama chini, akawangoja watu waje na jina.

Je, nani alistahili kuikwea ngazi ile?