Ukuta Mwekundu wa Nyamizi

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na shimo mtini.
Lina nani ndani?
Lina mke wa mtu, na hatoki.
Nani kamfungia?
Kajifungia mwenyewe. Sogeeni basi, acheni kuchokonoa moto, niwaambie kwa nini.

Hapo kale, katika pori la mininga na nyasi ndefu, aliishi hondohondo wa kike jina lake Nyamizi. Mumewe aliitwa Lugendo. Lugendo alikuwa na mdomo mwekundu uliopinda vizuri, na alipotembea tawini aliinamisha kichwa, akakiinua, akakiinamisha tena, hata ndege wasiomhusu wakamtazama. Nyamizi aliwajua wote waliomtazama. Aliwajua kwa majina, kwa miti waliyolala, na kwa siku waliyotazama.

Sasa, hondohondo wana desturi yao. Mvua za kwanza zikinyesha na udongo ukalainika, mke huingia katika shimo la mti. Mume huleta tope, mke hulipokea, na kwa mdomo wake huuziba mlango mpaka unabaki ufa mmoja tu, mwembamba, wa kupitisha ncha ya mdomo. Humo ndani hutaga. Humo ndani manyoya yake ya mabawa na ya mkia hunyonyoka yote kwa mkupuo, akabaki hawezi kuruka hata kwenda tawi la jirani. Hula anacholetewa. Asipoletewa, hali.

Mwaka huo mvua iliwahi. Lugendo akaleta tope, Nyamizi akaziba, Lugendo akaleta tena, Nyamizi akaziba tena. Mara ya tatu Nyamizi akasita.

"Baba, huu ufa tuuache mpana kidogo."

"Kwa nini? Nyoka naye anapenda nafasi."

"Nione."

"Uone nini?"

"Nione unakotoka."

Lugendo akacheka. "Natoka porini, mke wangu. Pori lote hili."

"Lote hilo ndilo linaloninyima raha," akasema Nyamizi. Lakini akaziba, kwa sababu desturi ni desturi na nyoka ni nyoka.

Siku za mwanzo zilikuwa njema. Kabla jua halijafika utosini Lugendo alikuwa amekuja mara tano. Alitua, akagonga.

"Go, go, go."

"Nani?"

"Mwenye kuleta tope."

"Leo umeleta nini?"

"Viwavi, na panzi, na tunda la mkuyu."

Nyamizi akala. Akataga yai, akapumzika, akataga jingine, hata yakatimia manne. Manyoya yake yakanyonyoka moja moja, kisha yote, yakajaa sakafuni. Akajitazama mkia, hakuna mkia. Akajitazama bawa, akaona vishina tu vya bluu vinachungulia kwenye ngozi. Akafikiri: huko nje wapo wenye mikia.

Kisha mvua ikakata.

Siku tatu, hakuna. Siku sita, hakuna. Siku tisa, nyasi zikawa rangi ya simba, viwavi wakaisha, mikuyu ikaangusha matunda mabichi. Tope la mlangoni likawa gumu kama chungu kilichotoka motoni. Ndani ya shimo hewa ilisimama, na Nyamizi alikaa juu ya mayai mdomo wazi, akihema.

Na Lugendo akabadilika. Siku ya kwanza alikuja jua likiwa limeshapanda. Siku ya pili alikuja anatweta, na mdomoni ana panzi mmoja, mdogo. Siku ya tatu alikuja amechelewa, anatweta, ana panzi mmoja, na kifuani ana vumbi jekundu.

Nyamizi akaweka jicho kwenye ufa.

"Mbona umechelewa?"

"Jua."

"Mbona unahema hivyo?"

"Jua."

"Na hilo vumbi jekundu kifuani, nalo ni jua?"

Lugendo akajitazama kifua kama mtu aliyekutwa na nguo isiyo yake. "Vumbi tu, mama."

Akaruka. Nyamizi akabaki na panzi wake mdomoni, hajammeza. Udongo wa kuzunguka mninga ule ulikuwa wa kijivu, mpaka ng'ambo ya korongo. Aliujua. Aliupakaza mlangoni kwa mdomo wake mwenyewe.

Hapo ndipo alipokuja Bi Mlembe.

Mlembe mnamjua. Ndiye ndege anayewaita warina asali, akiwaongoza mti kwa mti mpaka penye nyuki, kisha anakaa pembeni wakipasua gogo. Hajawahi kupasua gogo hata moja. Hutoboa kwa mikono ya wengine. Na nyumba hana. Yai lake hulitaga katika shimo la mwenziwe, na ya mwenye shimo huyatoboa. Miaka mingi alilizunguka shimo la hondohondo na kukuta limezibwa.

"Hodi, shoga yangu. Humo ndani hamjambo?"

"Hatujambo, ila joto."

"Pole. Mumeo nimemwona asubuhi. Anapendeza. Alikuwa mlangoni kwa mtu."

"Mlangoni kwa nani?"

"Mimi si msemaji," akasema Bi Mlembe, akaenda zake.

Usiulize Nyamizi alilalaje. Siku ya pili Bi Mlembe akarudi, akakaa tawi la juu, akaimba:

*Nyamizi wa shimoni,*
*mumeo yu mlangoni.*
*Mlango mwekundu,*
*wa ndani hawajaamka,*
*mumeo anawangoja.*

"Mlango mwekundu," akasema Nyamizi.

"Nimeuimba tu, shoga. Ni kichuguu, kule ng'ambo ya korongo. Anafika kabla jua halijachomoza, anakaa juu yake, anaita. Mwenye nyumba akitoka, wanaondoka pamoja, mguu kwa mguu."

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mama mmoja. Ana mkia mrefu sana."

Ah, mkia. Nyamizi akayageuza mayai yake moja baada ya jingine, na moyo wake ukachemka kuliko hewa ya mle ndani. Aliona kila kitu bila ufa: mume wake anainamisha kichwa, anakiinua, na yule wa mkia mrefu anacheka. Panzi wanono wanabaki kule. Hapa anafika yule aliyekataliwa.

Siku ya tatu Bi Mlembe hakuimba. Alisema tu, "Ningekuwa mimi, ningetoka nikaone."

"Nina mayai."

"Mayai kwa joto hili? Hata ukiyaacha kidogo hayapoi."

Nyamizi akatazama ukuta. Akaugonga mara moja: go. Akaugonga mara ya pili. Mara ya tatu kipande kikaanguka, mwanga ukaingia, na hakusimama tena mpaka ukuta wote ukawa vipande chini ya mti.

Akaruka. Hakuruka, alianguka. Mabawa matupu yalipiga hewa kama fimbo, akafikia kifua kwenye majani makavu. Akasimama, akajikung'uta, akatembea. Bi Mlembe mbele, mti kwa mti, akiita. Nyamizi nyuma, kwa miguu, udongo unamchoma nyayo. Korongo likapita. Udongo ukawa mwekundu. Na Bi Mlembe akanyamaza, kama anavyonyamaza kila mara akifika penye nyuki. Nyamizi alipotazama juu, hayupo.

Mbele yake kulikuwa na kichuguu kikubwa. Juu yake amekaa Lugendo.

"Amkeni," Lugendo alikuwa anaita. "Amka, dada, jua linatupita."

Akatoka nguchiro. Mama wa nguchiro, mwembamba, wa rangi ya udongo, ana mkia mrefu kweli, na nyuma yake watoto saba wanapiga miayo. Wakaingia katika nyasi wakichakura, na panzi waliojificha wakaruka kutoka mbele ya miguu yao. Lugendo akadaka mmoja. Joto likamzidi, akafungua mdomo aheme, panzi akamponyoka. Akamdaka tena. Akamponyoka tena. Mara ya tatu akambana, akazuia pumzi, macho yakamtoka. Hakummeza. Nyamizi akaona mfupa wa kifua cha mumewe umesimama kama ukingo wa jembe, na ule mdomo mwekundu umepauka.

Akataka kusema neno. Kabla hajasema, Lugendo akatazama juu, akapiga ukelele: "Kipanga!"

Nguchiro wote wakapotea ardhini. Akabaki Nyamizi, amesimama peupe, hana bawa, kivuli kinamjia. Kitu kikamshika mguu, kikamvuta, akajikuta gizani, ndani ya kichuguu, pua kwa pua na mwenye mkia mrefu.

"Tulia, wifi," akasema Mama Nguchiro. "Atapita."

"Wifi?"

"Wewe si Nyamizi? Tumekuchoka kabla hatujakuona. 'Haraka, dada, Nyamizi ana njaa. Haraka, dada, Nyamizi ana joto.' Sisi tunamfukuzia panzi, yeye anatuangalizia kipanga. Huo ndio mkataba. Na amekataza usiambiwe."

"Kwa nini?"

"Aibu. Anasema hondohondo hajawahi kumwomba mtu chakula." Kisha akamtazama vizuri, toka kichwani hadi pasipo na mkia. "Na wewe umetokaje? Mlango umemwachia nani?"

Nyamizi akajivuta kuelekea mlangoni. Aliikumbuka sauti iliyonyamaza.

Lugendo akatangulia kwa mabawa, Nyamizi akafuata kwa miguu, nguchiro wakimzunguka kumficha. Lugendo alipofika alimkuta Bi Mlembe amekaa shimoni, mdomo umelowa ute wa yai. Akamtoa kwa kishindo, kabla hajataga lake. Nyamizi akaupanda mninga kwa kucha na mdomo, akiteleza, akipanda, mumewe akimsukuma kwa chini. Akachungulia.

Yai la kwanza, tundu. Yai la pili, tundu. Yai la tatu, tundu.

La nne halikuonekana. Nyamizi akafukua yale manyoya yaliyonyonyoka, yale aliyoyaonea haya, akalikuta chini yake, zima, lina joto.

"Ziba," akasema. "Baba, ziba upesi."

"Kwa tope gani?" akasema Lugendo. "Pori lote ni vumbi."

 Chini ya mti Mama Nguchiro akakohoa. "Ndani kabisa ya kichuguu, kwa mchwa, udongo haukauki. Watoto watachimba."

Basi wakachimba. Nguchiro wakaleta udongo mbichi mwekundu mpaka shinani, Lugendo akaupandisha, Nyamizi akaziba. Ufa ulipobaki mwembamba wa ncha ya mdomo, Lugendo akauliza, "Tuuache mpana kidogo?"

"Ziba," akasema Nyamizi.

Likaanguliwa lile moja. Mwaka ule hawakupata jingine. Na tangu siku hiyo, mvua ikikata, asubuhi mtamkuta hondohondo juu ya kichuguu anawaamsha nguchiro, na haoni haya.

Mnauliza kama Nyamizi aliacha wivu? Sikilizeni mlangoni.

"Go, go, go."

"Nani?"

"Mwenye kuleta tope."

"Umeleta nini?"

"Panzi. Na salamu kutoka kwa wifi yako."

"Hajambo?"

"Hajambo."

Ncha ya mdomo ikatoka ufani. "Mkia wake bado mrefu?"

Funzo lake ni hili: ukimwona mwenzio amekonda, amechelewa, anahema, mwulize kwanza habari za mvua, ndipo uulize habari za jirani. Na mwenzangu, wewe unayehema, sema.

Hadithi nimeiziba hapa. Aliyeiona tamu alale nayo. Aliyeiona chungu aje aitoboe kesho, nina tope la kutosha. Na mimi manyoya yangu yote ninayo, nitakuwa nimeshakimbia.