Betri Iliyoshushwa Kwanza

"Betri nyepesi haivuki mto." Leo asubuhi mmemsikia kocha wenu akisema hivyo mlipotaka kuliacha sanduku la dawa, eti linajaza basi, na mkamcheka. Chekeni tu. Lakini kwa kuwa mmeniuliza maneno hayo yalitoka wapi, nitawapeleka yalikozaliwa: chini ya Sanya Juu, katikati ya mto, siku ya mbio za magari.

Binti aitwaye Ndeshi alikuwa dereva, na kaka yake Elinami alikuwa msoma ramani wake. Elinami aliwahi kuwa bingwa kabla gari halijabingirika naye likamvunja mguu. Tangu hapo alitembea kwa magongo, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba mwaka huo ukiisha, asikae tena kwenye gari la mbio. Ndeshi alitaka jambo moja tu: kaka yake ashuke garini kwa mara ya mwisho akiwa amepakata kombe.

Basi akaanza kulipunguza gari uzito. Watu wa mbio wana ugonjwa huo. Aling'oa zulia, akang'oa na vishikio vya milango, akatoboa hata mabati. Mwishowe jicho lake likaangukia betri, iliyofungwa nyuma ya kiti cha Elinami, nzito kama ndoo ya maji. Akaagiza nyingine ndogo, ya kubebwa kwa mkono mmoja kama mkate. Akaijaribu pale gereji asubuhi na jioni, na kila akigusa swichi, injini iliitika.

"Kuwasha inawasha, sikatai," Elinami alisema. "Lakini mtoni je? Injini ikizimika majini, gari hutolewa kwa starta, ile mota ya kuwashia. Unaweka gia ya kwanza, unabana swichi, starta inalikokota gari mpaka ukingoni. Haka kadude kataweza?"

"Kaka, hatutazimika."

"Ndeshi, wewe likitokea la kutokea utaruka ukimbie. Mimi mguu wangu ni ile betri."

Maneno hayo yalimchoma, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akaifunga ile nyepesi.

Siku ya mbio gari lilikwenda kama lisilogusa ardhi. Mpinzani wao Nizar, ambaye gari lake zito watu waliliita Ng'ombe, aliachwa nyuma mapema. Ulibaki mto wa mwisho. Kule mlimani mvua ilikuwa imenyesha, na maji yalikuwa mekundu, lakini mawe ya kivuko bado yalionekana. Ndeshi akaingia kwa kasi. Maji yakaruka juu ya boneti, yakalowesha plagi, injini ikakohoa, ikanyamaza.

Akaweka gia ya kwanza, akabana swichi. Gari likasogea hatua moja. Akabana tena, likasogea nusu. Mara ya tatu starta ililia kidogo tu, ikakata kauli.

Maji yalikuwa yanapanda. Yaliingia mlangoni, yakafika magotini, na gogo likapita kwa kishindo karibu na kioo. Elinami alikuwa ameshafungua mkanda wake.

"Toka, mdogo wangu."

"Sitoki."

"Mama atazika mmoja au wawili? Toka!"

Ndeshi alishika usukani akalia.

Ndipo Ng'ombe alipofika ukingoni. Nizar angeweza kupita pembeni yao. Gari lake lilikuwa na nguvu hiyo, na mbele hapakuwa na mtu. Badala yake alizima injini, akafungua mkanda wa betri yake, akajitwika begani, akaingia majini yakimfika kiunoni.

"Shika, kaka," alisema, akaipitisha dirishani. Elinami akaipakata juu ya maji, akavuta waya kutoka nyuma ya kiti na kuzibana kwa vidole. Nizar akashika nguzo ya mlango ili avuke nao.

"Haya, dada. Taratibu."

Ndeshi akabana swichi. Starta ikaguna, gari likasogea. Akapumzika kidogo, akabana tena. Likasogea, likakwama kwenye jiwe, likasogea tena, na Elinami hakuacha kuikumbatia ile betri kama mtoto mchanga. Magurudumu ya mbele yakapanda mchanga wa ng'ambo. Walipokausha plagi, injini ikawaka, na nyuma yao maji yakaja kwa mngurumo, yakafunika kivuko chote. Gari la Nizar lilibaki upande waliotoka, bila betri.

"Na wewe?" Ndeshi aliuliza.

"Mimi nimeshavuka. Nendeni, mnangoja nini?"

Hakuna gari jingine lililofika mwisho wa mbio siku hiyo. Watu wakalizunguka la Ndeshi wakishangilia, na mikono ikanyooshwa kumshusha Elinami, kombe likiwa limeshaletwa mlangoni. Elinami akakataa.

"Ishushwe betri hii kwanza," alisema.

Ndeshi akaibeba kwa mikono miwili, akaiweka juu ya boneti, mahali anapokaa mshindi. Mtu mmoja akacheka akamwuliza: si yeye ndiye mwenye gari jepesi kuliko yote, huo mzigo ni wa nini?

Ndeshi alimtazama kaka yake, aliyekuwa hai, amelowa, mapajani hana kombe.

"Ni ya Nizar," alijibu. "Betri nyepesi haivuki mto."